Sura ya Tisa: Mguu wa Tatu

Sajini alikuja na pingu, akakuta chai.

Hiyo ilikuwa akili ya binti wa Mwalimu. Alijua kwamba polisi aliyekaa kitini na kikombe mkononi haondoki mpaka kikombe kiishe, basi kila kilipokaribia kuisha alikijaza tena. Ofisi ya shule ya udereva ilikuwa chumba kimoja tu: meza, ubao mweusi uliochorwa alama za barabarani kwa chaki nyekundu na nyeupe, na benchi refu ukutani. Kwenye benchi hilo alikaa Fundi, mume wa binti huyo, mikono juu ya magoti, kimya kama mtu anayesubiri zamu ya kunyolewa.

Inspekta alisimama mlangoni akawatazama mmoja mmoja. Kazi ya polisi alikwisha kuiacha siku nyingi, sasa alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, lakini cheo kilimganda kama jina la utotoni. Binti ndiye aliyempigia simu asubuhi ile, sauti imekauka kwa kulia. Mume wangu anapelekwa ndani, alisema, na anayempeleka ni baba yangu.

"Nieleze tena, Mwalimu," Inspekta alisema. "Kwa ufupi."

Mwalimu, mwenye shule, alisimama katikati ya chumba. Suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi unaoweza kukata mkate, na viatu vyake vyeusi viling'aa hata ungeweza kujichania nywele ndani yake.

"Kwa ufupi, gari langu linanuka kuungua. Nampa huyu alitengeneze, analirudisha, anasema zima. Nikitoka nalo na mwanafunzi, linanuka. Jana tukiwa karibu na kilele cha mlima tairi la mbele likafuka moshi, mwanafunzi akaogopa akaruka nje. Mkono wenyewe ule pale, umevunjika. Sasa niulize nani anayegusa breki za gari lile. Huyu peke yake. Niulize nani aliyeniomba uwanja huu apanue gereji yake, nikamkatalia. Huyu huyu. Shule ikifa, uwanja unabaki. Nimemwoza mwanangu, nikamwita mwanangu na yeye, kumbe nafuga nyoka kwenye mkunjo wa shati."

"Baba," binti alisema.

"Wewe mimina chai."

Inspekta akamgeukia Fundi. "Na wewe?"

"Breki nafunga mpya, zinaisha. Nafunga tena, zinaisha."

"Kwa nini zinaisha?"

Fundi akamtazama baba mkwe wake, kisha akaangalia sakafu. "Nilishamwambia Baba. Labda kuna mtu anakanyaga sana."

"Wanafunzi," Mwalimu akadakia. "Akanituma nikagombane na wanafunzi. Nikawafokea mpaka wengine wakahamia shule nyingine. Harufu ikabaki palepale, haina hata haya."

Sajini akajikohoza. "Inspekta, kwa heshima zote, mimi nimetumwa kumchukua mtu. Nikimaliza chai hii tu."

"Kunywa polepole, Sajini," binti alisema, birika likiwa tayari hewani. "Ya moto hiyo."

Mwanafunzi aliyevunjika mkono alikaa kwenye kona, mkono wake umefungwa plasta ngumu ukining'inia kwenye kitambaa. Alikuwa mpishi wa mkahawa, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti iliyozoea kushindana na masufuria. Inspekta akavuta kiti akaketi mbele yake.

"Ilikuwa harufu ya nini?"

"Ya kuungua."

"Dada, wewe ni mpishi. Wali ukiungua na kitambaa kikiungua, unahitaji kuangalia ndipo ujue?"

Mpishi akafumba macho, pua ikapanuka. "Si mafuta. Si plastiki. Mpira pia sio. Ni kikaango cha chuma kilichosahauliwa motoni kikiwa kitupu, mpaka mpini wake nao ukaanza kuungua."

"Na gari lilikuwaje kabla ya moshi?"

"Zito. Nakanyaga mafuta, halitaki. Mwalimu anasema ongeza, naongeza. Kama navuta mkokoteni wa mawe."

Inspekta akasimama. "Ufunguo ulilala wapi, Mwalimu?"

"Chini ya mto wangu. Huyu hajaligusa gari tangu jana."

"Vizuri. Kumbuka maneno hayo."

Gari lilikuwa uwanjani, jeupe, dogo, limevaa bango la shule juu ya paa kama kofia ya sherehe. Lilikuwa na pedali pande zote mbili, kama yalivyo magari ya kufundishia: klachi, breki na mafuta upande wa mwanafunzi, na klachi na breki nyingine upande wa mwalimu, za kuokolea jahazi mwanafunzi akipotea. Inspekta akakunja mikono ya shati. Alilelewa kwenye gereji ya mjomba wake, na grisi haikuwahi kumtisha.

Akafungua boneti kwanza. Chini ya injini aliona weusi unaong'aa: oili ilikuwa inavuja tone kwa tone juu ya bomba la moshi. Akawasha gari, akaliacha lichemke, akamwita Mpishi. Mpishi akainama, akavuta pumzi mara moja.

"Hapana. Hayo ni mafuta ya kukaangia yaliyochoka. Jana haikuwa hiyo."

Inspekta akalala chini ya gari. Nyuma kidogo, kwenye bomba lilelile, kulikuwa na mfuko wa nailoni ulioyeyuka ukashika kama gamba la kidonda. Akaubandua kwa bisibisi. Mwalimu, aliyekuwa amefuata mikono nyuma kama mkaguzi wa mitihani, akachuchumaa haraka.

"Si nilisema. Ameweka kitu."

"Mfuko wa dukani umeokotwa barabarani, Mwalimu. Kila gari la mji huu linatembea na wake." Akausogeza puani kwa Mpishi.

"Plastiki," Mpishi alisema. "Nishasema plastiki sio. Mnataka niseme mara ngapi?"

Basi Inspekta akapiga jeki. Akainua gari, akazungusha tairi la mbele kwa mkono. Likazunguka jepesi. La pili likazunguka. Ya nyuma yakazunguka. Akayafungua yote manne, akatoa pedi za breki, akazipanga juu ya gunia. Zilikuwa zimekwisha, nyembamba kama kucha, na diski zilikuwa na rangi ya buluu, ile rangi ya chuma kilichopata moto kupita kiasi.

"Hapa ndipo ilipotoka harufu ya kikaango," alisema. "Sasa tazama. Pistoni ya breki ikikwama, linaungua tairi moja, mengine yanabaki salama. Mtu akisahau handbreki, yanaungua ya nyuma. Haya yameungua yote, sawasawa, kama ndugu wa tumbo moja."

"Kwa hiyo amezikaza zote."

"Zingekuwa zimekazwa, tairi lisingezunguka mkononi mwangu."

Mwalimu akanyoosha kidole kuelekea mlimani. "Lipeleke mlimani, basi. Ulione."

Inspekta akarudisha pedi zilezile zilizochoka, maana hata wembamba wao ulitosha kwa safari fupi ya polepole, akafunga matairi, akaondoka peke yake. Gari lilipanda mlima likiimba. Hakuna uzito, hakuna harufu. Juu kabisa akasimama mahali lilipofuka moshi, akashuka, akaweka kiganja karibu na rimu. Vuguvugu la kawaida tu.

Akijua kwamba akirudi na habari hiyo atakuwa amempeleka Fundi jela kwa mikono yake, akabaki amesimama pale kando ya barabara, akipapasa mfuko wa mlango kutafuta kitambaa cha kujifuta grisi. Kitambaa hakikuwemo. Kilichokuwemo ni taa ndogo za nyuma, zile za breki, zilizoungua, chungu nzima, vioo vyake vimekuwa vyeusi.

Mbele ya kibanda upande wa pili alikaa mshonaji na cherehani yake, mguu ukipiga, macho yakiwa barabarani.

"Leo halina macho," mshonaji alisema.

"Nini hakina macho?"

"Gari la Mwalimu. Mimi nakaa hapa kutwa, naliona likipanda. Nyuma huwa na macho mawili mekundu, yamekodoka, hayafumbi tangu kule chini mpaka hapa juu. Jana pia, mpaka yule bibie alipojirusha. Leo umepanda wewe, yamefumba. Nikasema huyu si mwanafunzi."

"Hukuwahi kumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Mimi nashona suruali. Nilidhani ndivyo mnavyofundishwa."

Inspekta akavuka barabara, akarudi kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, akatazama miguu yake mwenyewe. Akausogeza wa kulia kwenye mafuta. Akausogeza wa kushoto kwenye klachi. Akabaki ameviangalia viatu vyake hivyo viwili kama mtu aliyeokota barua ya siri. Kisha akainama upande wa pili, kwenye pedali za mwalimu, akapitisha kidole juu ya mpira wa breki. Akapitisha kidole juu ya mpira wa breki ya upande wake. Akarudia tena.

Akacheka peke yake, hata mshonaji akasimamisha cherehani.

Aliporudi, Mwalimu alikuwa anamsubiri langoni. "Limenuka?"

"Halikunuka."

"Unaona? Leo halinuki kwa sababu mwenyewe amekaa kwenye benchi na polisi. Harufu nayo inaogopa pingu." Akageuka kuelekea ofisini. "Sajini, maliza chai."

"Bado nusu kikombe," Sajini alisema, na kabla hajafunga mdomo kikawa kimejaa.

Inspekta akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye ubao, akachukua kipande cha chaki nyekundu. "Sajini, nakuomba jambo la ajabu. Mfunge Fundi pingu hapo kwenye benchi. Upande mmoja kwake, wa pili kwenye mguu wa benchi."

Birika likagonga meza. "Inspekta," binti alisema, "mimi ndiye niliyekuita."

"Ndiyo maana nafanya hivi, mdogo wangu. Sitaki baadaye mtu aseme alinyanyuka."

Fundi akanyoosha mkono mwenyewe. Pingu zikalia. Inspekta akatoka nje kwanza, peke yake, na waliobaki ndani waliona tu mgongo wake ukiinama ndani ya gari kwa kitambo kidogo. Aliporudi mlangoni alikuwa anapangusa vidole.

"Mwalimu, nifundishe kuendesha."

"Leseni si unayo?"

"Ninayo. Nifundishe kama sijawahi kuona usukani. Ulivyomfundisha Mpishi jana, hivyohivyo. Na wewe Mpishi, panda nyuma. Nahitaji pua yako."

"Mimi nilishaapa sipandi tena gari hilo."

"Mlango wa nyuma nitaufunga kwa ndani, usiweze kuruka."

Mpishi akacheka licha ya mkono wake, akapanda.

Waliondoka. Mwalimu alikaa wima, mikono juu ya mapaja, mfalme katika kiti chake. Inspekta akajifanya mjinga kwa bidii zote: akachelewesha gia, akayumba kidogo kushoto, akasogelea baiskeli.

"Taratibu. Kioo. Angalia kioo. Kuna mwenye baiskeli, jamani, ana watoto huyo."

Palepale gari likawa zito. Ni kama kuna mtu amelishika mkia. Walipoanza mlima uzito haukuondoka.

"Ongeza mafuta," Mwalimu alisema.

Akaongeza.

"Ongeza tena. Usiogope. Dereva mwoga ni jeneza lenye usukani."

Akaongeza tena. Injini ikanguruma, gari likajikokota, na kutoka chini ya miguu yao ikapanda ile harufu, kali, kavu, inayokwaruza koo.

"Hiyo," Mpishi alisema kutoka nyuma, pua imeshikwa kwa mkono mzima. "Kikaango changu hicho."

"Umeona?" Mwalimu akageuka, uso umeng'aa kwa ushindi. "Sasa linanuka. Ushahidi si huo?"

"Ndio huo hasa," Inspekta alisema. "Na Fundi yuko wapi?"

Mwalimu akarudisha uso barabarani.

Mbele ya kibanda, mshonaji alinyoosha vidole viwili akaviweka machoni pake, akayakodoa. Inspekta akamwitikia kwa kichwa, akageuza gari.

Ofisini hakuna aliyekuwa amekaa isipokuwa aliyefungwa. Inspekta hakuchukua kiti. Alisimama mbele ya ubao kama yeye ndiye mwenye shule.

"Jana Mpishi alikuwa amekanyaga mafuta. Mguu gani?"

"Wa kulia," Mpishi alisema.

"Wa kushoto?"

"Klachi. Haukubanduka, nilikuwa naogopa gari lisizime."

"Na nyuma taa za breki zinawaka, tangu chini mpaka juu. Mshonaji wa mlimani ameziona jana, juzi, kila siku. Zinawaka mpaka zinaungua, na mfuko wa mlango umejaa maiti zake. Taa ya breki haiwaki bila breki kukanyagwa. Binadamu ana miguu miwili, na miwili ya Mpishi nimeshaihesabu. Fundi akijaribu gari, anakuwa peke yake, halinuki. Mimi nikiwa peke yangu, halinuki. Linanuka kukiwa na mtu kwenye kiti cha pili. Ndani ya gari lile kuna mguu wa tatu." Akamgeukia Mwalimu, na sauti yake ikashuka, ikawa ya adabu. "Mzee wangu, nyanyua kiatu cha kulia."

Mwalimu hakutikisika.

"Baba," binti alisema, "nyanyua."

Akanyanyua. Unyayo wa kile kiatu cheusi, kilichong'arishwa kikang'aa, ulikuwa mwekundu kwa chaki kutoka kwenye vidole mpaka katikati.

Sajini aliweka kikombe mezani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Mguu wangu hukaa pale tu," Mwalimu alisema hatimaye. "Uko tayari. Mwalimu lazima awe tayari."

"Haukai. Unakanyaga. Mpira wa breki ya mwanafunzi bado una meno. Wa kwako ni laini kama kokoto la mtoni. Pedali ya kuokolea, inayotakiwa kuguswa kwa nadra, imelika kuliko ya dereva."

"Tangu yule mwanafunzi kijana alipotaka kukuingiza ukutani na gari," binti alisema polepole. "Tangu siku ile, Baba. Hata nyumbani ukikaa kwenye kochi mguu unasukuma meza."

Inspekta akamwinamia Fundi. "Wewe ulijua."

"Nilikisia."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilisema kuna mtu anakanyaga sana." Fundi akainua mkono wenye pingu, benchi likainuka pamoja nao kidogo. "Mkwe angesema nini zaidi ya hapo? Niseme, Baba, mguu wako unaogopa?"

Sajini alikuwa amechukua funda la chai. Likatokea puani.

Mwalimu akavua kile kiatu, akakitazama unyayo, akakiweka juu ya meza, mbele ya Sajini, kama kielelezo cha mahakama. Akabaki na soksi. "Mfungue," alisema.

"Na malalamiko?"

"Nayafuta. Na kama lazima uondoke na mhalifu, huyo hapo mezani." Akamgeukia Mpishi. "Mkono wako nimeuvunja mimi, mama. Ukipona nitakufundisha mpaka ushike leseni, hata nizeeke nikiwa kwenye kiti kile."

"Sawa," Mpishi alisema. "Ila sio na hivyo viatu."

Pingu zikafunguka. Mwalimu akasimama mbele ya mkwe wake, mguu mmoja umevaa, mmoja soksi, na alikuwa mfupi kuliko alivyokuwa asubuhi. "Mwanangu," alisema, akalirudia neno hilo. "Mwanangu. Nimekutukana mbele za watu, nakuomba radhi mbele ya watu walewale."

Fundi alikunja mikono ya shati akaenda uwanjani.

Kazi ile Inspekta aliitazama yote, ameegemea ukuta, kwa sababu kazi nzuri ina haki ya kutazamwa. Fundi alifunga pedi mpya. Alisugua diski, akamwaga oili ya breki ya zamani, iliyokuwa imepikika ikawa na rangi ya kahawa, akajaza mpya. Akaziba palipokuwa panavuja oili ya injini. Kisha akaenda gerejini kwake, akarudi na honi ndogo ya pikipiki na waya, akalala chini ya kiti cha pili, na alipotoka alibonyeza pedali ya mwalimu kwa mkono.

Honi ikapiga mlio kama kifaranga aliyebanwa mlangoni.

"Ukiigusa, itakuambia," Fundi alisema. "Mimi sitasema tena."

Mwalimu akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, lakini kicheko. Akavaa kiatu chake, akakaa kiti cha pili. Fundi akashika usukani. Wakatoka langoni.

Inspekta, Sajini, Mpishi na binti walisimama barabarani wakitazama juu. Gari jeupe likaanza mlima. Baiskeli ikakatiza mbele yake, honi ikalia mara moja, taa nyekundu zikawaka, kisha zikazima. Baada ya hapo hazikuwaka tena. Likapanda jepesi, limefumba macho, moja kwa moja mpaka kileleni, na kule juu mshonaji akaonekana amesimama nyuma ya cherehani yake, suruali ya mtu hewani, akiipunga kama bendera.

Sajini akanyoosha kikombe chake pembeni bila kuangalia, kama alivyozoea asubuhi nzima.

Binti akakichukua, akakikung'uta masalia barabarani, akakifunika juu ya birika alilokuwa nalo mkononi.

"Chai imekwisha, Sajini," alisema. "Nenda salama."